Watu Wawili Wanaonifahamu

Afisa ustawi wa jamii alikuwa binti mdogo kwangu, lakini aliniita mama tangu siku ya kwanza nilipoingia ofisini kwake Kibaha. Nilimweleza bila kusita kwamba mimi ni mjane, kwamba ni katibu muhtasi katika ofisi moja ya serikali Dar es Salaam, kwamba mimi na marehemu hatukujaliwa mtoto, na kwamba nataka kuasili mtoto wa kike. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Ukiugua ghafla, mama, nani atabaki na mtoto?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali ya mshahara, afya, na maji ya bomba.

"Si lazima unijibu leo," akasema. "Ila nitahitaji kuongea na watu wawili wanaokufahamu vizuri, wasiwe ndugu zako. Na mmoja awe jirani."

Mchungaji wangu alinifahamu. Huyo mmoja. Wa pili nilimtafuta kichwani njia nzima ya kurudi nyumbani Mbwawa, nisimpate. Nilihamia huko baada ya msiba, kwenye nyumba ambayo mume wangu aliiacha imefika kwenye linta nikaimalizia mwenyewe. Nilikuwa natoka alfajiri kuwahi gari Maili Moja, narudi giza limeshaingia. Jumapili ilikuwa kanisa, kufua, na kulala. Mtaani waliniita mama wa geti jeusi. Hilo nililijua kwa sababu fundi bomba aliyepotea njia ndivyo alivyoelekezwa.

Kaka yangu, aliyebaki kwetu Njombe, hakunisaidia. "Watoto wa ukoo wamejaa huku," aliniambia kwenye simu. "Chukua mmoja wangu. Mtoto wa watu atabaki kuwa wa watu."

Nilimkumbusha kwamba binti yake wa pili nilikaa naye miaka yote ya sekondari, na alipomaliza alirudi kwao, kama ilivyompasa.

"Sasa tatizo liko wapi?"

"Kaka, nataka ambaye kwao ni kwangu."

Akasema mtandao unasumbua.

Jumamosi nikavuka barabara kwenda kwa jirani wa mbele, mama mtu mzima aliyekuwa akichambua kisamvu barazani. Nilimwamkia, akaitikia marahaba na kunisogezea kigoda. Nikamweleza shida yangu. Hakunikatiza. Nilipomaliza akatikisa kichwa.

"Mwanangu, nikisema nakufahamu nitakuwa mwongo. Nakuona ukitoka, nakuona ukirudi. Zaidi ya hapo sijui hata unapenda kula nini."

Nikainuka kuaga, uso ukiniwaka.

"Unakwenda wapi? Mwambie huyo afisa asubiri. Wewe kaa hapa, tuchambue."

Afisa alishangaa. Watu humsumbua awahishe mambo, mimi namwomba achelewe. Lakini alikubali, na Jumamosi zangu zikahamia kwenye baraza lile. Mwanzoni nilikaa kama mgeni kwenye msiba, sijui niweke wapi mikono. Taratibu nikaanza kuongea. Nilimwambia habari za mume wangu, alivyokuwa akiimba vibaya na kwa sauti kubwa, na kwamba baada yake nilizoea kuacha redio ikiongea jikoni nisisikie ukimya. Naye akanisimulia wanawe, wote wako mbali, na dua anazowaombea kila baada ya swala.

Afisa alipokuja kukagua nyumba, alimhoji jirani yule mbele yangu.

"Nimemjua juzi juzi tu, sikufichi," mama akasema. "Ni mpweke. Lakini hakimbii watu, amekosa tu wa kumvuta. Na hilo swali lako la kuugua, andika mimi."

Nilishukuru. Ila neno lile, mpweke, hakuna aliyewahi kulitamka mbele yangu, na nilipowasindikiza nikarudi kukaa sebuleni nikaliona limekaa na mimi.

Taarifa kwamba nimekubaliwa ilinikuta kazini. Nilitoka nikasimama kwenye ngazi, simu mkononi, nikimtafuta wa kumwambia. Jirani hakupatikana. Kaka sikumpigia. Nikarudi mezani nikamalizia kuchapa barua ya bosi kuhusu matairi ya gari.

Kisha nikasubiri, muda mrefu kuliko nilivyodhani binadamu anaweza kusubiri huku chumba cha mtoto kina kitanda kilichotandikwa. Hatimaye nikaitwa kwenye makao ya watoto Kisarawe. Kulikuwa na msichana wa miaka kama mitano, aliyeokotwa akiwa mchanga, na ndugu zake walitafutwa wasipatikane. Nilitakiwa kumtembelea kwanza, tuzoeane.

Siku ya kwanza aliketi pembeni yangu akanitazama viatu.

"Wewe ni mama wa nani?"

"Sina mtoto bado."

"Kwa nini?"

"Sijapata."

Akageuka kuwatazama wenzake waliokuwa wakikimbizana chini ya mikorosho. "Mbona hapa tupo wengi?" akasema, akaondoka zake kucheza.

Nilikwenda kila wiki. Siku nyingine alinishika mkono, siku nyingine hakuja kabisa. Mlezi wa zamu alinionya nisimkimbilie, na sikumkimbilia.

Alikuja Mbwawa mchana mmoja wa mvua, mimi nikiwa mlezi wake wa muda mpaka mahakama iamue. Aliingia akafungua milango yote, chumba kwa chumba, hadi stoo.

"Wengine wako wapi?"

"Ni mimi na wewe tu."

Hakulia. Wakati wa chakula alisukuma fungu la wali pembeni ya sahani. Nikamuuliza ni la nani, akasema ni la wenzake wakija. Nikatambua kwamba nimemtoa mtoto kwenye nyumba iliyojaa sauti, nikamleta kwenye ukimya ambao mimi mwenyewe ulinishinda. Jioni ile nilimpeleka kwa jirani, tukakaa mpaka akasinzia magotini pa yule mama. Si pangu.

Afisa alitutembelea mara kwa mara, na mwisho tukafika Mahakama Kuu. Jaji alimuuliza mtoto anaishi na nani, akanyoosha kidole kwangu. Amri ikatolewa. Kaka alituma gunia la viazi kwa basi, na alipopiga simu alisema tu, "Hivyo ni vya mtoto."

Sasa ananiita mama. Anasoma darasa la kwanza Pangani, hii ya Kibaha, na jirani humpokea akitoka shule. Lakini kuna Jumamosi huamka akasema anataka Kisarawe, nami humpeleka, kupitia Mbezi na Gongo la Mboto. Tukifika huniachia mkono langoni. Nakaa kwenye benchi na kumsikia akicheka na wenzake, kicheko kipana ambacho nyumbani sijakisikia bado. Simwiti. Nangoja mpaka aje mwenyewe, na kila mara, kabla hajaja, kuna kitambo ambapo sina hakika kama atakuja.