Maneno Aliyoyaruka Medius

Medius alikuwa fundi cherehani katika soko la Bwera, na watu walimsifu kwa kujua lugha. Wanawake watatu walipokutwa wamenyongwa mashambani upande wa Karambi, mpelelezi aliyetoka Kampala, Afande Sylivia, alimwomba awe mkalimani wake.

Siku tisa walizunguka kwa wafiwa. Siku ya mwisho afande akamweleza anavyomfikiria muuaji.

"Anafanya peke yake, na atarudia. Mashamba haya anayajua. Tena hakuwaburuta, walimfuata wenyewe. Walimwamini. Lakini usimwambie mtu, mama. Haya ni ya kutusaidia kutafuta, hayatoshi kumshika mtu."

Jioni hiyohiyo Medius aliyasema dukani, mbele ya wateja wanne. Alitaka waone kwamba anajua mambo ya serikali. Habari ya kuaminiwa akairuka, maana haikuwa na utamu.

"Ni mutu iko peke yake," alisema.

"Turyamureeba!" mmoja akadakia.

Turyamureeba alikuja Kasese kwa kazi ya saruji, kisha akakodi shamba la kahawa Karambi. Hakuwa na mke, wala hakuonekana kanisani. Wote wakamtazama Medius. Akanyamaza. Asubuhi yake vijana na wazee walimtoa nje Turyamureeba, wakamvunja mkono, wakachoma nyumba yake.

Wiki tatu baadaye mwanamke wa nne alishambuliwa, akanusurika, akamtaja Arthur: baba wa watoto watano, aliyeongoza maombi katika mazishi yote matatu. Arthur alikamatwa, akakiri.

"Nilikwambia walimwamini," Afande Sylivia alisema kwenye simu. "Turyamureeba, nani angemfuata shambani?"

Medius alifunga duka. Alikwenda Kasese mjini, kwa dada yake Turyamureeba, akamkuta Turyamureeba amejilaza, mkono umefungwa plasta.

"Mama, mimi unanijua?"

"Hapana."

"Tumewahi kusalimiana?"

"Hapana. Walipokutaja nilinyamaza. Nilipenda vile walikuwa wananisikiliza. Nisamehe."

Turyamureeba akageukia ukutani. Dada yake akaenda kufungua mlango, akasimama pale hadi Medius akatoka.

Jumapili Medius alisimama kanisani, akaeleza yote. Wale wateja wanne walikuwamo. Mmoja alifungua kitabu cha nyimbo, akaanza kutafuta ukurasa. Hakuna aliyesimama naye.