Ng'ombe Walitangulia Tumati

Mwaka 2017, nikiwa na miaka sitini na moja, ndipo shida ilipoanza. Kabla ya hapo nilikuwa nimepambana na ukame, na ndigana iliyoua ng'ombe, na baba mdogo aliyelitaka shamba langu, na hakuna aliyeniangusha. Sisemi kwa majivuno. Basi, nasema kwa majivuno. Shule niliishia darasa la tatu, na kila nilicho nacho hapa Endasak kimetoka kwenye mikono hii.

Nilianza na ng'ombe wa mtu. Kwetu mwenye ng'ombe wengi huwalaza baadhi kwa rafiki. Wewe rafiki unawatunza, maziwa na mbolea ni vyako, na wakizaa vizuri mwenyewe anakukumbuka kwa ndama. Nilitunza mpaka nikapata ndama wangu, ndama akakua akanioza mke, na mimi na mke tukanunua shamba hili la bondeni, lenye udongo mzito unaonata kwenye jembe kama ugali usioiva. Mama yangu alipofariki tulimzika humu humu, karibu na mpaka. Sikujua udongo ule ndio utakaotufunga.

Maana ni udongo mzuri wa matofali. Jirani wa juu aliuza, akafuata wa chini, akafuata wa ng'ambo ya kijito. Walionunua wakapanga matanuri. Mwanzo walichoma kwa kuni, na moshi wa kuni tunaujua, tumezaliwa ndani yake. Miti ilipokwisha wakaleta matairi chakavu na oili chafu. Huo ni moshi mwingine. Mweusi, mzito, mvivu. Miezi ya baridi haupandi. Unalala bondeni, na asubuhi unaukuta umejaa pomoni. Mlima Hanang, ambao nilikuwa nauona nikifungua mlango tu, sasa nauona siku wachomaji wakipumzika.

Nyuki walihama kwenye mizinga bila kuaga. Maharage yakashika masizi, ukipalilia unatoka na mikono ya fundi gari. Mvua ikinyesha bati linashusha maji meusi kwenye simtanki, na chai ya maji yale inanuka ndala iliyoungua.

Nilikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji. Alinisikiliza vizuri, kisha akaniuliza, "Mzee, nyumba yako umeijenga kwa nini?"

"Kwa matofali."

"Na zahanati? Na kanisa?"

Nikachukua kofia yangu, nikaaga. Hata choo changu kimetoka kwenye moto ule ule.

Nikataka kugombana na vijana wanaochoma. Lakini wale vijana wana adabu, na hiyo ndiyo taabu. Kila asubuhi wanapita karibu na ua wangu, "Shikamoo mzee!" Marahaba inanitoka kabla sijaizuia. Halafu wanakwenda kuwasha. Mtu aliyekuamkia utamwinulia vipi fimbo?

Kifua kilimbana mke wangu. Akitoka bombani amejaza ndoo moja tu, ya pili anaigeuza tupu, anaikalia njiani, anahema. Daktari wa zahanati, kijana aliyeletwa kutoka kusini, anayesema Kiswahili laini mpaka ugonjwa unasikika kama zawadi, alimwambia, "Bibi, dawa hizi ni za kutuliza tu. Moshi uondoke, au wewe uondoke."

"Moshi ndio mwenye shamba siku hizi," mke wangu akamjibu. "Mimi mgeni."

Majirani wakasema ni kuni za jikoni. Hapo alikasirika. "Nimepika kwa kuni tangu sijaota matiti. Moshi wa jikoni una mlango, ukikuzidi unatoka nje. Huu wa nje, nitokee wapi?"

Ng'ombe nao wakaanza kukohoa, maziwa yakapungua. Kwa ng'ombe niliamka haraka. Nilimpigia rafiki yangu wa Tumati, kule juu kusikofika moshi, akasema walete. Nikawapakia kwenye Fuso, nikawalaza kwake. Haukupita muda mrefu akapiga simu, na sauti yake ni kubwa, anasikika chumba kizima.

"Wananenepa, mzee! Kwa hewa ya huku hata wewe ungeota kitambi."

Mke wangu alikuwa anachambua maharage. Hakuinua uso. "Ng'ombe wamekohoa, umewatafutia pa kulala," akasema. "Mimi ningekuwa na pembe ningeshafika."



Kisha ikaja asubuhi ya baridi, matanuri yote matatu yakawashwa pamoja. Tulifunga madirisha, moshi ukapitia chini ya bati. Tukaziba kwa kanga na magunia, ukapita. Midomo ya mke wangu ikawa ya kijivu, akaanza kuniambia kitu akashindwa kukimaliza. Tukakaa wawili ndani ya nyumba ya matofali kama matofali yenyewe, tunachomwa. Nikaita bodaboda. Nilimweka katikati, kati ya dereva na mimi, nikamshika kiunoni asidondoke, mpaka kituoni, tukapanda gari.

Kule Tumati mke wa rafiki yangu alitoka kutupokea. "Karibuni. Na huyu naye umekuja kumlaza? Maziwa yake ya nani?"

"Maziwa hana," nikamwambia. "Ana mdomo."

Mke wangu akacheka, akakohoa, akacheka tena. Nikamwacha pale.

Sasa ananipigia kila Jumapili wakitoka kanisani. Anacheka kicheko kizima, hakikatiki. "Njoo basi," ananiambia. "Unalinda nini huko?"

Ninalinda. Shimo la udongo limefika mpakani, na mama yangu amelala hatua chache tu kutoka pale. Nikifunga mlango watachimba. Nikiuza, mnunuzi anataka udongo, hataki kujua nani yumo. Na Tumati nikae kwa nani? Ng'ombe hulazwa. Mke, basi, amelazwa. Mzee mwenye shamba lake halazwi kwa mtu.

"Huo ni ubishi," anasema mke wangu.

Ni ubishi. Ndio ulioninunulia shamba.

Vijana bado wanapita. "Shikamoo mzee. Mama mzima kule? Na wewe unahamia lini?"

"Marahaba," nawajibu. "Mzima."

Nilivyo navyo leo ni hivi. Shamba moja la bondeni. Nyumba ya vyumba vitatu, ya matofali ya kuchoma. Mizinga minne, mitupu. Simtanki moja, maji yake ni ya kufulia. Kuku kadhaa. Kaburi la mama. Ng'ombe saba, wako Tumati. Mke mmoja, yuko Tumati. Shimo si langu, lakini linakuja.