Nati ya trekta, sabuni ya mche na posa yangu kule Chole

Wakuu, hamjambo humu ndani.

Juzi mdau mmoja aliuliza kama anaweza kufunga fittings za mtaani kwenye fuel rail ya gari lake, lile bomba linalogawa mafuta kwenye injini, maana original zimeadimika. Alijibiwa sana, nusu ya majibu yakiwa kejeli.

Mimi nina kisa cha bomba la mafuta, cha miaka ya mwanzo ya themanini. Sikusimuliwa. Nilikuwepo, na mikono iliyonuka petroli ilikuwa yangu.

Tulikuwa tunaishi Maili Moja, Kibaha. Nilikuwa nimempenda binti wa Chole, kule Kisarawe, jina lake Tabitha. Baba yake, Mwalimu Elia, alikubali kupokea posa yetu Jumapili moja baada ya ibada.

Jumapili hiyo hatukufika.

Land Rover kuukuu ya baba mdogo Zakaria ilizima kabla ya Mlandizi. Nati inayolishika bomba la mafuta kwenye pampu ilikuwa imelika nyuzi, petroli inamwagika chini badala ya kwenda kwenye kabureta. Tukarudi nyumbani tukivutwa.

Mwalimu alituma ujumbe kwamba atatusubiri Jumapili inayofuata, na tusipotokea ataelewa kwamba hatuna haja. Alikuwa mpole, lakini hakuwa mtu wa kusema jambo mara mbili.

Hapa nitulie kidogo kwa ajili ya vijana. Spea hazikuwepo. Unaingia dukani unakuta rafu na muuzaji, basi. Halafu magari binafsi yalikatazwa kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana, ili kubana mafuta. Kwa hiyo ilitubidi tufike Chole kabla ya saa nane, tulale huko, turudi Jumatatu.

Tuendelee.

Baba mdogo akaenda Gwata, ambako kulikuwa na trekta la kijiji lililokufa siku nyingi. Akaomba nati ya bomba lake, akapewa.

Jumamosi tukaifunga. Iliingia raundi mbili kwa mkono, ikagoma. Baba mdogo akachukua spana, akailazimisha mpaka mishipa ya shingo ikamtoka.

"Imekubali," akasema.

Nikamwambia naiona imekaa upande. Akanijibu kwamba hata mimi nimekaa upande, na bado ananipeleka kuposa.

Asubuhi tukaondoka watu watatu: baba mdogo kwenye usukani, mimi, na shangazi Ester ambaye ndiye aliyekuwa msemaji wetu. Kwa taratibu za kwetu mwoaji haingii ndani siku ya posa. Mimi nilitakiwa kubaki kwenye gari, nisionekane.

Shangazi alipakata kikapu. Ndani mlikuwa na sukari, kitenge, na miche miwili ya sabuni ya kufulia. Msicheke. Sabuni wakati ule ilikuwa kitu cha kupigania foleni, na shangazi aliipigania yeye mwenyewe.

Tulipopita Mzenga nikasikia harufu. Baba mdogo akasema ni harufu ya njia. Mbele kidogo gari likaanza kukohoa, likazima.

Tukafungua boneti. Nati ya trekta ilikuwa imekula nyuzi za pampu upande mmoja, na petroli ilikuwa inadondoka karibu kabisa na bomba la moshi. Tungeendelea vile, tungefika Chole kama mishikaki.

Tukasubiri injini ipoe, jua linapanda. Hakuna gari lililopita. Baba mdogo akajaribu uzi wa gunia, petroli ikapenya. Akajaribu kipande cha tairi la baiskeli, ikapenya.

Kisha akageuka, akakitazama kikapu.

Shangazi akakivuta kifuani. "Zakaria, usithubutu."

"Dada, petroli haiyeyushi sabuni. Kipande tu."

"Posa haipelekwi imemegwa. Watasema tumeanza kuila njiani."

"Tusipofika watasema nini?"

 Shangazi akanitazama mimi, akaniambia kwamba kama ni kumegwa, basi amege mwenye shida, yeye mkono wake haumo.

Nikakata. Nikaikanda sabuni mpaka ikalainika, nikaizungushia kwenye nati, baba mdogo akaifunga juu kwa kitambaa alichochana kwenye shati lake la ndani. Tukapiga stata. Tukachungulia. Pakavu.

Kuanzia hapo tulitembea polepole kama tumebeba mayai. Chole tuliingia saa nane ikiwa imekaribia sana.

Shangazi na baba mdogo wakaingia ndani. Mimi nikajikunja kwenye siti ya nyuma. Haukupita muda nikasikia sauti ya Mwalimu ikiuliza mbona mche mmoja mfupi. Kisha akasema, "Aliyeukata yuko wapi?"

Nikaitwa.

Wakuu, nilisimama mbele ya baba mkwe mtarajiwa nikinuka kama kituo cha mafuta. Nikasema shikamoo. Akaitikia marahaba, akauliza kilichotokea, nikaeleza yote, kuanzia Gwata. Akatoka hadi kwenye gari, akagusa ile sabuni kwa kidole, akarudi kukaa.

"Mtu anayekata sabuni mwaka huu," akamwambia shangazi, "ana haja kweli."

Lakini jibu hakutoa. Akasema wazee watakaa, tutajulishwa.

Na kuondoka hatuwezi, saa nane imepita.

Jioni nikaombwa shati ili lifuliwe. Tulikuwa tumekaa uani, na Tabitha akatoka na beseni. Shangazi akanikanyaga mguu. Ndani ya beseni mlikuwa na ule mche uliomegwa, na povu limejaa.

Zawadi ya posa ikishatumika hairudishwi, yaani posa imekubaliwa. Shangazi hakungoja kikao cha wazee. Alipiga vigelegele hadi kuku wakatawanyika, na Mwalimu, aliyekuwa anajifanya anasoma, akainamisha kichwa kuficha kicheko.

Funzo kwako mdau wa fuel rail: nati inayogoma baada ya raundi mbili za mkono si ya hapo, usiibembeleze kwa spana. Linganisha nyuzi kwanza. Na pressure ya magari yenu si ya pampu ile, kwa hiyo sabuni iacheni bafuni. Hata sisi baadaye tulichongesha nati sahihi kwa fundi wa kerezo.

Wengine mliofika ukweni kwa mbinu za barabarani, shusheni visa vyenu hapa chini, nasoma vyote.

Tabitha yuko pembeni yangu. Anasema niwaambie kwamba lile shati halijatoka harufu mpaka leo.