Misa ya Shukrani kwa Kilo Zangu Nne

Padri alisoma jina langu kwenye misa ya shukrani. Eti nimepona.

Mimi sikuwa nimeugua.

"Tumshukuru Mungu kwa Akimana, aliyeinuka kitandani."

Kitanda gani? Nilikuwa nimekaa benchi ya tatu, nimevaa viatu vya kisigino.

Kanisa zima likapiga vigelegele. Mama yangu, kando yangu, akafuta machozi kwa ncha ya kitenge. Hapo nikajua nani alipeleka jina.

Ngoja nieleze.

Miaka miwili iliyopita Jolie, muuguzi wa kituo cha afya cha mtaani kwetu hapa Uvira, alinipima presha akashtuka.

"Dada, hii presha ni ya bibi! Weye uko na miaka ishirini na sita tu."

Nilikuwa na kilo tisini na nane.

Nikaacha bugali ya jioni. Nikapunguza mafuta ya mawese. Nikawa natembea kwa miguu hadi shuleni ninakofundisha, kwenda na kurudi. Baada ya mwaka na nusu nikafika sabini na mbili, presha ikatulia.

Hakuna aliyenipongeza.

Majirani walinisalimia kwa mbali. Wengine walimwuliza mama kwa sauti ya chini, "Amepimwa?" Sijawahi kuwa na afya kama ile, na mtaa mzima ulikuwa unanililia.

Kupunguza kulikuwa kazi. Kubaki pale ndiko kulikonimaliza. Sabini na mbili, sabini na tatu, sabini na moja. Kila Jumamosi navua viatu, napanda mizani ya Jolie, na namba moja inaamua kama nitakula mchana au la.

Kisha kwa miezi miwili ikawa inapanda tu. Ilipofika sabini na sita nilijifungia chooni, nikalia nimeuma mkono wa blauzi ili Jolie asisikie.

Ningemwambia nani? Kwetu ukisema umenona, watu wanakupa mkono wa heri.

Na sasa kanisani, kilo zilezile zilizoniliza zinapigiwa vigelegele.

Mama Apollinarie, kiongozi wa shirika letu la sala, akanivuta mbele.

"Ona mashavu!" akaninong'oneza. "Hizo dawa zimekupenda, mutoto wangu. Toa ushuhuda."

Nikashika mikro.

"Sikuwa mgonjwa. Nilikonda kwa kutaka. Na hizi kilo nne mnazoshukuru, nazitafutia njia ya kutoka."

Mtu mmoja alicheka, akakanyagwa mguu.

Tulipofika nyumbani, mama hakuvua hata viatu.

"Umenipatisha haya mbele ya parokia yote! Kesho utaenda kuomba wamama msamaha."

"Mama, nani alikuambia niko mgonjwa?"

"Macho yangu! Dada yako alianza vile vile, kule Runingu. Kwanza nguo zikamupwaya, mwisho tukamuzika. Weye ulikuwa ungali unanyonya, hukumbuki. Minye niko nakumbuka."

Akakaa chini taratibu.

"Ndiyo maana nilikuwa naongeza mawese."

"Wapi?"

"Ndani ya majani yako ya sombe. Ndani ya maharagi. Hata uji wa asubuhi. Miezi miwili. Nilisema, akinona hata kidogo, nitapeleka shukrani."

Miezi miwili nimejichukia kwa ulafi ambao sikuufanya!

Nilimkumbatia, kwa ajili ya dada yangu. Kisha nikatenga sufuria yangu.

Sasa napika peke yangu, nakula peke yangu. Mama naye anakula amegeukia ukuta.

Jumamosi moja mizani inasema sabini na tatu, nyingine sabini na tano, wala hakuna aliyenitilia kitu. Ni maji, ni chumvi, ni siku zangu za mwezi, ndivyo Jolie anavyonieleza. Bado moyo unashtuka. Ila naandika namba, nashuka, naenda kula. Na wewe unayesoma hii ukiwa umejinyima chakula kwa sababu ya namba ya leo asubuhi: nenda kale.

Jana Mama Apollinarie alikuja hadi mlangoni.

"Mama yako anangoja neno moja tu, 'pardon'. Litakupunguza nini?"

"Nilisema ukweli juu ya mwili wangu," nikamjibu. "Siombi msamaha."