Msindikizaji wa Mkwe Wangu

Fundi nguo hujua mambo ambayo hakuomba kuyajua. Nimekaa na cherehani yangu kwenye baraza la duka moja hapa Palma kwa miaka mingi, ukiondoa muda ule tuliokimbia vita na kurudi, na katika miaka hiyo nimejua nani ananenepa, nani anakonda, na binti gani anataka gauni lilegezwe kiunoni kabla mama yake hajashtuka. Sisemi. Si kwamba mimi ni mtu mwema sana, ila fundi mwenye domo hapati wateja.

Wanaume wenye mabusha nilikuwa nawajua wote. Huku pwani maradhi hayo ni ya zamani. Hayamuui mtu kwa haraka, bali humpunguzia dunia: kwanza shamba linakuwa mbali, kisha msikiti unakuwa mbali, mwisho choo cha uani kinakuwa safari. Mwenye busha haji kwa fundi akasema ana busha. Huleta kitambaa chake, na akishapimwa mabega na mikono hutazama barabarani na kusema, "Niachie nafasi, fundi." Basi. Mimi natoa chaki vidole vinne nje ya mstari, au vitano, na tunaagana. Kipimo hicho sikuwahi kukiandika kwenye daftari.

Mkwe wangu, baba wa mke wangu, alikuwa ameacha kabisa kuagiza kanzu, na nilijua maana yake. Alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani, mtu wa sauti nene, mwenye shamba la mihogo upande wa barabara ya Pundanhar. Sasa shamba haendi, chuoni haendi, na Ijumaa anaswali nyumbani kwake akiwa amekaa kwenye kiti. Mke wangu akitoka kumwona baba yake alikuwa akifua nguo kwa hasira, anazipiga kwenye jiwe kama zimemkosea. "Baba anaozea ndani," aliniambia siku moja, "na wewe unashona mashati." Kweli nilikuwa nashona mashati ya wapishi wa Afungi, kule kwenye kambi ya gesi. Mimi na mkwe wangu tuliamkiana kila nilipokwenda, yeye akitazama mlango na mimi nikitazama mkeka. Mkwe hazungumziwi habari za chini ya kiuno. Hata habari za tumbo huzungumzwa kwa kuzungukazunguka.

Ndipo wafadhili wakaja. Walikuwa watu wa taasisi ya hisani, wanaochangisha fedha huko kwao na kwenda kupasua watu mahali ambapo daktari wa upasuaji hafiki. Walipewa vyumba viwili nyuma ya kituo cha afya, wakapanga vitanda sita vya chuma na kuwasha jenereta yao wenyewe. Kupasuliwa bure, dawa bure, hata wali wa mgonjwa bure. Kwa mtu wa hapa, kupasuliwa busha maana yake ni Pemba, mji mkuu wa mkoa wetu, na njia ya kwenda Pemba ndiyo hiyo tunayoijua, ya kuviziwa na wenye bunduki. Kwa hiyo sina neno baya juu yao. Walikuja kwa nia safi na walifanya kazi kwenye joto ambalo sisi wenyewe hulikimbia.

Ila hawakuwa wakitujua. Waliweka bango kubwa karibu na soko, lenye mchoro wa mwanamume aliyepanua miguu, ili hata asiyejua kusoma aelewe. Aliyejua na asiyejua wote walielewa, na wote wakaanza kupita njia nyingine. Gari la spika likazunguka bairo zote, mtaa kwa mtaa, likitangaza kwa Kireno, Kimakua na Kiswahili: wenye mabusha wajitokeze, waandikishwe, wasione haya. Waliokuwa hawana haya mpaka siku ile wakaipata hapo. Tena kila atakayepasuliwa alikuwa apewe fulana ya rangi ya machungwa yenye maandishi ya mradi, aivae akirudi kwake.

Jumanne walikuja watu watatu, wote wa Pundanhar, wamepakiwa kwenye trela la trekta. Hao walishuka wakicheka, kwa sababu hapa mjini hakuna anayewajua. Wa Palma hakuonekana hata mmoja.

Jumatano asubuhi nesi wao alikuja barazani kwangu na mashuka ya upasuaji yaliyochanika. Alikuwa mwanamke wa Nampula, mrefu, mwenye maneno ya haraka. Tulizungumza Kireno, na Kiswahili kidogo alichokuwa nacho alikichomeka pale alipotaka kuniudhi.

"Vitanda vitatu ni vitupu," akasema. "Kesho ndiyo siku ya mwisho ya kupasua. Ijumaa tunakagua vidonda, Jumamosi tunaondoka. Wanaume wenu wako wapi?"

"Wako kazini."

"Fundi, usinichezee. Baba yangu alikuwa fundi. Nyinyi mnajua."

Nilikanyaga cherehani, nikajifanya kelele yake imenizuia kusikia. Akasubiri kidogo, akaacha mashuka yake juu ya meza na kuondoka. Nilimkasirikia mpaka adhuhuri, kwa kuwa alikuwa amesema kweli.

Katika hasira ile niliona jambo moja kwa uwazi. Kesho ikipita, mkwe wangu atakaa kwenye kiti kile mpaka atolewe kwa jeneza. Mkewe alikwisha kumwambia, akafukuzwa chumbani. Mwanawe wa kiume yuko Mtwara. Imamu anamstahi kupita kiasi. Amebaki mtu mmoja tu wa kumwambia, naye ni mtani wake.

Mtani wake ni mtoto wa shangazi yake, mzee anayeuza nazi, na kwetu mabinamu wa namna hiyo hutaniana mpaka kaburini. Ana ruhusa ya kuingia kwako, kula chakula chako na kukutukana mbele ya wageni, na ukinuna wewe ndiye mkosa. Katika msiba wa mama yake mkwe wangu, mzee huyu alijilaza ndani ya jeneza na kukataa kutoka mpaka apewe jogoo. Watu walicheka huku machozi yanawatoka.

Lakini alikuwa pia mteja wangu. Na kanzu yake nayo nilikuwa naiachia nafasi, kila mwaka zaidi. Mkewe alikwisha kufa, watoto wametawanyika, na nadhani hapa mjini aliyejua ni mimi peke yangu. Nikajiambia kwamba nikimtuma huyu kwa yule watakwenda pamoja, nami nitakuwa nimewapata wawili kwa safari moja. Nilijiona mwerevu.

Nilimkuta uani kwake akifua nazi.

"Nzee wangu, nina maneno."

"Ntu mwenye maneno huyasema. Sema, nkwe wetu."

Nikamweleza habari za mwalimu, vitanda, na siku ya mwisho. Habari zake yeye sikuzigusa. Aliacha kufua. Akawa anaigeuza ile nazi mikononi, nami nikadhani anatafuta tusi la kufaa.

"Kesho hiyo hiyo?" akauliza.

"Kesho hiyo hiyo. Kesho kutwa hawapasui tena."

"Na nani atakaa naye kule? Maana hospitali wanataka kila ngonjwa na ntu wake."

Hilo nilikuwa sijalifikiria.

"Haya," akasema, akaitupa ile nazi kwenye fungu. "Nenda kashone."

Alhamisi, jua halijawa kali, nilisikia kelele kutoka upande wa nyumba ya mkwe wangu. Nikaacha kazi na kwenda, nikasimama mbali kidogo kwenye ua wa makuti kama inavyompasa mkwe. Mtani alikuwa amekuja na mkokoteni wa magurudumu mawili, ule wa kubebea madumu ya maji. Ameutandika godoro na mto. Amesimama mlangoni anapiga kelele bairo nzima isikie.

"Hodi, mwalimu! Wafadhili wamenituma nichukue nzigo wao! Wamesema kuna ntu hapa amewafichia mali yao miaka mingi, wanaitaka leo!"

Wanawake waliokuwa kisimani walitua ndoo. Kutoka ndani ilitoka sauti ya mkwe wangu, sauti nene niliyokuwa sijaisikia kwa siku nyingi, ikimwita mjinga, mwizi wa nazi, mtoto wa mama asiyejua kupika. Mtani akamjibu kwamba mama huyo ni shangazi yake mwalimu mwenyewe. Wakatukanana hivyo kwa muda, mmoja ndani na mmoja nje, na watu wakaongezeka. Aibu yote iliyokuwa imefungiwa mle ndani ilitolewa nje juani, ikageuka kichekesho. Mwishowe mkwe wangu alitoka, ameshikilia nguo yake mbele, uso umemjaa hasira na kicheko pamoja. "Nakwenda ili nisikusikie tena," akasema. Akapanda mkokoteni.

Mtani aliusukuma mwenyewe. Njia ile ina mchanga mzito, na mkwe wangu si mtu mwembamba. Mimi nilifuata nyuma, na nilikuwa namtazama kwa jicho la fundi: anatembea amepanua miguu, kila hatua chache anasimama, anatania mtu barabarani, na utani ule ulikuwa ni wa kuvutia pumzi. Nilipomkaribia nishike upande mmoja alinikaripia. "Nkwe kaa nyuma! Unataka kunsukuma baba yako kama gunia?" Watu wakacheka. Nikakaa nyuma.

Kituoni nesi aliandika jina la mkwe wangu, akampima presha, akaridhika. Kisha akamtazama yule aliyemleta. Alikuwa ameegemea mpini wa mkokoteni, jasho linamchuruzika.

"Na wewe, mzee? Huna tatizo?"

"Mimi punda tu," akasema mtani. "Punda hapasuliwi."

Kicheko kikapanda tena. Nesi akanigeukia mimi. Lilikuwa swali, na nililielewa. Ningeweza kumsogelea na kumnong'oneza. Nikatazama chini. Nilijiambia kwamba siri ya mteja si yangu, na kwamba yeye mwenyewe yuko hapa, mlango uko wazi, na ulimi anao. Nikarudi kwenye mashati yangu.

Mkwe wangu alipasuliwa kabla ya saa nne, bila matata. Mtani ndiye aliyemvua nguo, ndiye aliyemshikia beseni, ndiye aliyekaa kwenye kiti cha kando akimtukana taratibu mpaka jioni, na usiku akalala sakafuni chini ya kitanda chake. Ijumaa mke wangu alipeleka uji akarudi analia kwa furaha. Alisema baba ameuliza habari za wanafunzi wake. Nilifurahi kweli. Nilifurahi pia kwa kujisifu, nikijua kwamba shauri lile lilikuwa langu.

Jumamosi asubuhi nesi alipita kuchukua mashuka yake. Gari lilikuwa limekwisha kupakiwa, vitanda vimekunjwa vimefungwa kamba juu. Alikagua mishono yangu, akasema ni mizuri. Kisha akatoa karatasi kwenye mkoba.

"Nisaidie jambo moja. Kuna mtu wa hapa mjini, karani wetu alimwandika Jumatatu kabla ya kurudi zake, tulipokuwa bado tunashusha mizigo. Alipita mlango wa nyuma. Wa kwanza kabisa. Tukampangia Alhamisi asubuhi, hakuja, na kitanda chake tulikiacha wazi mpaka mchana."

Akaigeuza karatasi nisome. Lilikuwa jina la mtani wa mkwe wangu. Kando yake karani alikuwa ameandika kwa Kireno: asiitwe kwa sauti.

"Unamjua?"

"Namjua."

"Kwa nini hakuja?"

"Alikuja," nikasema. "Alikuwa na mkokoteni."

Nesi alinitazama, kisha akaweka mkono mdomoni. Akageuka kulitazama gari, lile sanduku la vyombo lililofungwa, dereva aliyekwisha kuwasha injini. "Mwambie tutarudi," akasema. "Wafadhili wakipata michango mingine. Mwaka ujao, labda." Akanishika bega, akapanda, wakaondoka.

Nilifunga cherehani na kwenda. Njiani nilikuwa napanga maneno ya kuomba radhi, na kila nililolipanga lilikuwa la kipumbavu. Mtu alikuwa ameshinda haya yake peke yake, kimyakimya, kabla ya wanaume wote wa mji huu. Kisha mimi nikaenda nikamwomba awe mzima mbele ya watu.

Alikuwa amelala ubavu kwenye mkeka ukumbini, mlango wazi, saa ambayo kwa kawaida yuko sokoni na nazi zake. Nikaketi. Sikupata njia ya kuzunguka.

"Nzee, walikuwekea kitanda. Walikungoja."

Alifumba macho, akayafumbua. Hakuuliza nimejuaje.

"Sasa tungelazwa wote wawili," akasema, "nani angenvua nguo? Wewe?"

Niliona aibu kuliko nilivyopata kuona maishani mwangu. Nikatazama mkeka. Naye, kama mtu aliyekwisha kumaliza habari hiyo, akauliza mwalimu amelalaje. Nikamwambia amelala vizuri, amekula, na leo asubuhi ametembea mpaka dirishani na kurudi.

"Alhamdulillahi," akasema. Kisha akaninyooshea mkono. "Hebu niinue, mwanangu. Tangu juzi siwezi mwenyewe."