Mahali Shamba Letu Lilipoishia

Ardhi iliyopumzishwa miaka mitano ina harufu yake: majani yaliyooza, uyoga, na ubichi unaobaki chini hata jua likiwa kali. Harufu hiyo ilinijia kila asubuhi juu ya dungu, nilipokuwa nikifukuza ndege wasile mtama wetu, nje kidogo ya Korogwe, mwaka ule Wadachi walipokuja kupima bonde letu. Sisi Wazigua wa pale hatukulima mahali pamoja mpaka udongo ukafa. Tulilima kipande kimoja, vingine vitatu vikalala. Kilicholala hakikuitwa shamba, wala mtu hakukikanyaga bila sababu. Bibi alisema ni sawa na kumwamsha mgonjwa. Kila mtu alijua ni cha nani, kwa hiyo hakuna aliyehitaji kusema.

Ninajifundisha jiografia peke yangu, kwa kitabu kisicho na jalada. Kinaanza na milima, kisha mito, halafu mazao. Watu wamewekwa mwishoni, kwa idadi. Nimeandika ukurasa huu mara sita nikitafuta namna ya kuwaambia wanaoanza elimu hii kwamba kabla ya kupima nchi, wawaulize wenyeji wanaishije nayo. Mara zote sita nimeishia kujitetea. Basi nikiri.

Baba na mama walikuwa msibani Mazingara, mwendo wa siku mbili. Bibi alikuwa ndani, mguu umevimba. Akaja Mzungu mmoja na mnyororo wa kupimia, askari wawili, na mkalimani kutoka Tanga, kanzu yake imenasa mbigili. Nikateremka, nikawaamkia mmoja mmoja.

"Marahaba," alisema mkalimani. "Mkubwa wako yuko wapi?"

"Bibi yuko ndani, hawezi kutembea."

"Basi leo mkubwa ni wewe. Shamba lenu linaishia wapi, mama mwenye nyumba?"

Askari wakacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa mtoto wa kupanga kuni kwa urefu na kulia zikivurugwa. Nikatembea pembezoni mwa mtama, tuta kwa tuta, na pale mpaka ulipopinda nikarudi nyuma nikaanza upya, nisiwadanganye hata kwa unyayo mmoja.

"Na kule?" Alionyesha vipande vyetu vitatu, vimeota vichaka.

"Kule si shamba."

Mkalimani akafasiri, Mzungu akaandika. "Binti huyu angefaa ukarani," mkalimani akawaambia askari. "Wazee wao hunizungusha kutwa." Nilifurahi mpaka jioni. Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Ulimi wangu haukujikwaa. Ulisema sawasawa, na hilo ndilo linaloniua.

Mvua za vuli zilipokaribia, vigingi vilikuwa vimezunguka vipande vyote vitatu, na vibarua wakaanza kufyeka wapande mkonge. Baba alikwenda kwa akida wa serikali mara nne. Akaambiwa kwamba mtu wa palepale ndiye aliyesema kule hakuna shamba. Mtu gani? Hakuambiwa. Watu wakakumbuka kwamba jirani yetu, Mzee Mhina, aliwapa wapimaji maji ya kunywa, kwa kuwa mgeni hanyimwi maji. Ikatosha. Mke wake akawa haazimwi hata kinu.

"Mhina, uliwapa na nini kingine?" baba alimwuliza mbele ya watu, nami nimesimama hapo na mtungi kichwani.

"Nilitoa maji tu, ndugu yangu."

Akahamia Mkumbara kabla ya mavuno. Nasi kipande chetu kimoja, kisichopata tena zamu ya kulala, kikachoka katika misimu michache, tukahamia Chanika, Handeni.

Siku hizi bonde lile lina mistari ya mkonge iliyonyooka, nadhifu kuliko kuni zozote nilizowahi kupanga. Kila kiangazi baba huenda kukata majani yake kwa ujira, mahali kitovu chake kilipozikwa. Ramani ya pale nimeiona ukutani kwa karani wa mkonge. Niliikagua muda mrefu nikiomba nione kosa. Halikuwamo.

Mwaka jana nilikwenda Mkumbara nimedhamiria kukiri. Nilimkuta Mzee Mhina amekaa kizingitini, anachambua maharage. Nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Baba yako hajambo?"

"Hajambo."

"Mwambie bado nasema vilevile. Nilitoa maji tu."

Nikasema nitamwambia. Baba sijamwambia hilo, wala lile.