Mbuzi wa Posa Mwenye Doa la Waridi

Ni mimi niliyempiga yule mbuzi, ingawa wiki nzima nimekana. Ofisi yetu ilienda karibu na Masii kucheza vita vya bunduki za rangi. Risasi zangu zikawa zinaanguka miguuni pangu, basi nikaongeza presha ya bunduki kisirisiri na kuinua mtutu. Iliyofuata iliruka wavu wa uwanja, ikampaka rangi ya waridi mbuzi mweupe aliyekuwa barabarani akipelekwa posa kwa wakwe. Wakwe wakamkataa kwa sababu ya doa, posa ikakwama.

"Wewe hatuwezi kukushuku," Mutua wa uhasibu alinitania. "Hata ukuta huwezi kuupiga."

Nilicheka kuliko wote.

Leo mwenye uwanja amenipigia simu.

"Madam, tumejaribu bunduki zote. Ni yako tu inafika barabarani. Niko na bwana harusi hapa, na mbuzi wake. Anauliza ofisi yenu iko wapi."